Mdahalo wa Zebaki

Jumatatu asubuhi Dokta Wiliam, mkuu wa chuo kimoja mjini Shinyanga, alimwita Eufrasia ofisini. Eufrasia alikuwa mhadhiri wa kemia na mlezi wa klabu ya midahalo.

"Badilisheni mada ya Alhamisi," alisema. "Mzee Bujiku amepiga simu. Anasema mnamchafua."

Mada ilikuwa kama zebaki ipigwe marufuku kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Bujiku alimiliki mialo kadhaa kule Mwakitolyo, na ndiye aliyekuwa akikijengea chuo maabara.

"Mada haimtaji mtu, Mkuu."

"Yeye kajiona humo."

"Basi aje ajibu."

Eufrasia alitoka akampigia Bujiku mwenyewe kumwalika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaniita wanafunzi wako wanizomee?"

"Nikiwepo, hawatakuzomea."

Alhamisi Bujiku akaja. Nyamizi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alifungua kwa kueleza habari za akina mama wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu. Kisha Bujiku akasimama.

"Najua ni sumu," alisema. "Lakini mkiizuia kesho, mchimbaji mdogo atainasa dhahabu kwa kitu gani?"

Ukumbi ukalipuka kwa mizomeo. Eufrasia akainuka.

"Mwacheni amalize! Asiyetaka kusikiliza, mlango ule pale."

Wachache walitoka wakinung'unika. Bujiku akamaliza, na Nyamizi akaomba kuuliza.

"Mzee, akina mama wa kwenye mialo yako wana glavu?"

"Hawana," Bujiku akasema.

Wiki iliyofuata Eufrasia alivuliwa ulezi. Mada zote sasa zingepitishwa na ofisi ya mkuu. Bujiku hakuwa amelalamika tena, na mafundi wake waliendelea na ujenzi. Ila Wiliam hakutaka yatokee malalamiko mengine. Eufrasia aliuliza kosa lake, hakujibiwa. Iliuma, maana klabu ile aliianzisha yeye.

Nyamizi alimfuata nje ya darasa.

"Madam, nilikukasirikia. Ulimtetea Mzee Bujiku."

"Ningemnyamazisha, swali lako ungemuuliza nani?"

Mdahalo uliofuata, uliopitishwa na ofisi, ulihusu faida za michezo. Viti vingi vilibaki vitupu. Nyamizi na wenzake walikuwa uwanjani nyuma ya maktaba, wakibishana kama mkuu wa chuo ana haki ya kuchagua mada. Mmoja wao alimtetea Wiliam kwa nguvu zote, nao wakamsikiliza mpaka mwisho.