Chupa ya Mnadani

Tabea alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: acheze kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Vaileth, kabla ya harusi. Lakini kila akijaribu kurukaruka jikoni, vigimbi vya miguu vilimkaza kama kamba ya ng'ombe, akabaki ameshikilia ukuta.

Jumapili, ibada ilipokwisha, sadaka za vitu zikanadiwa nje ya kanisa kama ilivyo kawaida pale kijijini Maji ya Chai. Tabea alikuwa ametoa bakuli la mbegu za maboga. Nesi Nasieku alizinunua akaanza kuzitafuna palepale. Kisha mnadishaji akainua chupa ya vidonge.

"Magineziamu! Mzee Aminiel ametumiwa na binti yake kutoka Ulaya! Misuli, mifupa, usingizi!"

Tabea alipandisha bei mpaka wenzake wakashindwa, akaichukua chupa.

"Shikamoo, mzee. Mbona umeitoa dawa nzuri hivi?"

"Marahaba. Nimemtolea Bwana," alijibu Mzee Aminiel, macho pembeni, upande wa vyoo vya kanisa.

"Mama Vaileth, kimoja kwa siku, usizidishe," nesi akamwonya. "Na uje tukupime, miguu hukaza kwa mambo mengi. Tena hizi mbegu zako zina madini hayohayo."

Tabea akacheka. Mbegu alizozianika mwenyewe juu ya bati, zishindane na Ulaya?

Akameza kimoja. Hakuhisi kitu. Yeye alilelewa kwa mizizi ya kuchemsha, michungu mpaka unakunja uso na kutoka jasho. Hiki kilipita kama maji. Kesho yake akameza viwili. Asubuhi ya sendofu akameza vinne.

"Mama mzazi, uwanja ni wako!" MC akaita.

Tabea akaingia. Vigimbi vimetulia! Hatua tatu za kwanza zilikuwa tamu. Ya nne, tumbo likanguruma. Akakusanya gauni, akatimua mbio kuelekea choo cha nyuma ya ukumbi.

"Mama ana furaha, jamani!" MC akashangilia.

Akina mama wakapiga vigelegele, wakamfuata mbio kwa mstari, magauni mikononi, wakidhani ndiyo staili yenyewe. Akarudi, akaitwa, akakimbia tena. Mara ya tatu hata wakwe walikuwa kwenye mstari.

Vaileth akagonga mlango wa choo, akihema kwa kicheko.

"Mama! Watu wanasema hawajawahi kuona mama anayecheza hivi. Miguu inauma?"

"Haiumi hata kidogo," ilijibu sauti kutoka ndani, imechoka. "Waambie wasizime muziki. Na waongeze sauti."