Harusi Mia Nne kwa Kikombe Kimoja

Mkwe wangu hupiga video za harusi, na zote amezihifadhi kwenye diski moja chumbani. Juzi alinunua ya pili, akazinakili humo, akataka kuifuta ile ya zamani apate nafasi.

“Umeshamaliza, baba?”

“Zamani, mama. Hata chai yako haijapoa.”

“Harusi moja ilitukalisha kutwa, wewe mia nne umezihamisha kwa kikombe kimoja? Hebu nionyeshe bibi harusi mmoja tu.”

Akacheka, akafungua diski mpya. Majina yalikuwepo yote, maharusi hakuna. Alikuwa amenakili alama za kufungulia tu, zile zinazoelekeza kompyuta video ilipo. Video zenyewe zilibaki kwenye diski ya zamani.

Akaanza upya. Ilimchukua siku mbili, nami kila nikipita mlangoni namuuliza kama ameshamaliza.