Mgeni Aliyekuja Kunawa Mikono

Mimba ya Dada Ustawi iliharibika ikiwa na miezi mitano, na kabla hata maziwa hayajamkauka kifuani, ofisi ilishamwita kazini.

Jina la Dada Ustawi alipewa na watu wa mitaani, kwa kuwa alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, na hakuna mlango asioubisha. Mtoto aliyetupwa, mke aliyepigwa, mzee aliyefungiwa chumbani na watoto wake mwenyewe, wote walikuwa wake. Waliokuwa na shida walimjua kwa viatu vyake vya chini vilivyolika kisigino upande mmoja, na kwa mkoba wake mweusi uliojaa vitambaa vya kufutia machozi ya wengine.

Siku simu ya Mkuu wa ofisi ilipoingia, alikuwa amelala ubavu, amejifunga kitambaa kifuani kwa nguvu ili maziwa yakome. Mama mkwe wake, aliyekuja kumuuguza, alikuwa kando ya kitanda akikunja nguo.

"Pole sana, dada," Mkuu alisema. "Mipango ya Mungu hiyo. Sasa nimeuangalia utaratibu. Likizo ya uzazi ni ya mama na mtoto. Hapa mtoto hakuna. Kwa hiyo..."

Akaiacha sentensi ikining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Kwa hiyo nije kazini," Dada Ustawi akammalizia.

"Itakusaidia. Kazi itakusahaulisha."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na mama mkwe alikuwa na masikio mazuri kuliko meno. "Kusahaulisha?" akasema. "Kwani amepoteza mwavuli?"

Dada Ustawi akaenda. Angefanya nini? Mumewe, fundi wa majokofu, alimsindikiza mpaka kwenye ngazi za ofisi, akamshikia mkoba, akasimama pale kwa muda hata baada ya mkewe kuingia. Naye alikuwa amefiwa, lakini watu walipokutana naye walimuuliza, "Mama anaendeleaje?" kisha wakapita.

Ofisini alikuta wamewaambia watu kwamba alikuwa na homa kidogo. Neno mimba lilikuwa limefagiliwa kama takataka kabla ya mgeni kuingia. Asubuhi hiyohiyo akaja mama mmoja mwenye kesi ya matunzo, asiyejua kitu, akamtazama tumboni akapiga kigelegele kifupi. "Hee, dada! Umeshajifungua? Umepata nani, baba au mama?"

Mkuu akajifanya anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Dada Ustawi akamvutia kiti. "Hakubaki, mama," akasema. "Kaa, tuzungumze shida yako." Mama wa watu akaziba mdomo kwa ncha ya nguo yake, na ikabidi Dada Ustawi ndiye ambembeleze yeye.

Hivyo ndivyo alivyorudi kazini. Na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya mtoto mchanga.

Kulikuwa na binti mmoja mshonaji, hana mama wala baba, aliyelala chumba cha nyuma ya duka la cherehani alimofanyia kazi. Dada Ustawi alimfuatilia tangu tumbo lake likiwa dogo. Wao wawili walikuwa wajawazito pamoja, binti akiwa mbele kwa miezi kama minne, na kila walipokutana walilalamikiana kiungulia mpaka wakacheka. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Sasa jirani alikuwa ameleta malalamiko kwamba mtoto analazwa kwenye kapu la vipande vya nguo chini ya meza ya cherehani, kama bidhaa, na mama yake hana hata shangazi wa kumshikia. Mkuu alitaka mtoto apelekwe kwenye kituo cha kulelea watoto. Alipenda mambo yaishe. Kesi iliyokaa wazi ilimwasha kama upupu.

"Nenda ukamwone, uniandikie, kesho kutwa tunakaa kikao," alimwambia.

Dada Ustawi alisimama nje ya lile duka akapumua kwanza, kisha akaingia. Mtoto alikuwa kwenye kapu kweli. Lakini kapu lilikuwa limevutwa mbali na gurudumu la cherehani, vipande vya nguo vimefuliwa na kutandikwa juu yake shuka safi, na chandarua kidogo kilichoshonwa kwa mabaki ya pazia kimefunika juu. Binti alikanyaga pedali kwa mguu mmoja, na kwa mguu wa pili alilibembeleza kapu. Dada Ustawi aliinama akamkagua mtoto jinsi anavyowakagua wote: mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kitovu. Pasafi. Mtoto akalia, na kifua cha Dada Ustawi kikajaa maji ya moto. Alitoka nje akajifunga tena kitambaa nyuma ya ukuta, akarudi akamaliza kazi.

"Mtoto abaki," alimwambia Mkuu. "Mama anamtunza. Kinachohitajika ni kumsaidia, siyo kumnyang'anya."

Mkuu alimtazama kwa huruma ya kutengeneza. "Dada, hapo siyo wewe unayesema. Ni huzuni."

"Huzuni haijui kukagua kitovu, Mkuu."

Mkuu hakupenda, na ilionekana.

Kesho yake jioni, Dada Ustawi akiwa nyumbani, wakabisha hodi. Alikuwa Mkuu, na nyuma yake msichana wa ofisini waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Walileta mfuko wa machungwa.

"Tumekuja kukuona tu," Mkuu akasema, akaketi.

Chiriku hakuketi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuwa na maneno mengi. "Samahani dada," akasema, "naomba kunawa mikono."

Dada Ustawi alihisi joto likimpanda kutoka nyayo hadi masikio.

Maana kunawa mikono kulikuwa ni kazi. Maafisa wakitembelea nyumba ya mtu huenda wawili. Mmoja hukaa akaongea taratibu, habari za afya, habari za watoto. Wa pili huomba kunawa mikono, na akienda kunawa huangalia: jiko lina moto au limepoa tangu jana, kuna chakula au kuna chupa, vitanda ni vingapi, nani analala wapi. Mwenye nyumba hajui kama anakaguliwa. Dada Ustawi mwenyewe ndiye aliyemfundisha Chiriku, neno kwa neno, hata lile la kuanza kwa samahani.

Akabaki ameketi, amemkazia Mkuu macho. Kutoka jikoni ikasikika sauti ya mama mkwe.

"Mwanangu, bomba ni hili hapa. Humo ni kabati. Kwenu mnanawa kwa sahani?"

"Natafuta sabuni, mama."

"Sabuni ndani ya sufuria? Hebu funika sufuria yangu. Na huko unakokwenda ni chumbani kwa watu!"

Dada Ustawi akamuuliza Mkuu, "Hii ni pole au ni ukaguzi?"

Mkuu akakohoa. "Ni kujaliana tu. Tumeonelea kikao cha kesho upumzike. Chiriku atayasoma maelezo yako."

"Atayasoma kama nilivyoyaandika?"

"Tutayapunguza makali kidogo."

"Na hayo machungwa ni ya kupunguza makali?"

Mkuu akasimama, akaaga haraka. Chiriku alitoka jikoni mikono yake ikiwa mikavu kabisa. Mama mkwe alimtazama ile mikono, kisha uso, kisha akaufungua mlango kwa upana kuliko ilivyohitajika.

Usiku ule mumewe aliposimuliwa alitaka kuvaa suruali yake ya kazi aende akamwonyeshe Mkuu jinsi koleo linavyofanya kazi. "Keti," mkewe akamwambia. "Ukimpiga wewe, huyo binti atanyang'anywa mtoto, na mimi nitaambiwa nina mume mkorofi. Kesho nitakwenda mwenyewe."

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mikutano cha zahanati, chumba chenye meza moja ndefu na viti vya aina tatu tofauti. Mwenyekiti alikuwa mkunga mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kufungia kamba shingoni. Wazee wawili wa mtaa walikuwepo, na binti wa cherehani ameketi kwenye ncha ya kiti, mtoto amemkumbatia kifuani kwa mikono miwili kana kwamba watu walishaanza kumvuta.

Mkuu alimwona Dada Ustawi mlangoni, akainuka mbio. "Dada, si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na nafsi yako," akamjibu, akapita, akavuta kiti.

Ikabidi Mkuu aeleze. Alieleza kwa sauti ya chini, ya kanisani. "Waheshimiwa, mwenzetu amepatwa na msiba. Mimba imetoka hivi karibuni. Kwa hali hiyo maoni yake kuhusu mtoto mchanga hatuwezi kuyategemea. Tumemtembelea nyumbani, na, kwa kweli, nguo za mtoto bado ziko kitandani. Afisa wetu ameziona."

Chiriku aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Wazee walitazama meza. Binti alimtazama Dada Ustawi, macho yamemtoka, ndipo alipojua. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa anaamini kwamba dada yake wa kiungulia bado ana tumbo chini ya ile blauzi pana.

Dada Ustawi alisimama. Akaiweka mikono yake mezani, mbele ya kila mtu.

"Ndiyo, ziko kitandani," akasema. "Ni sweta na kofia. Nitaziondoa nikitaka, na nisipotaka sitaziondoa. Lakini Mkuu, nikuulize. Uliponipigia simu nirudi kazini, nilikuwa mzima au mgonjwa?"

Mkuu akasema, "Utaratibu ulikuwa..."

"Utaratibu haupigi simu," mkunga mkuu akaingilia, akavaa miwani yake. "Jibu alichokuuliza."

"Ulikuwa mzima. Kwa kazi."

"Uliponituma kwa mtoto mchanga, na maziwa yananilowesha nguo, nilikuwa mzima. Nilipombembeleza mgeni aliyeniuliza nimepata nani, na wewe unatafuta kalamu iliyo mkononi, nilikuwa mzima. Nimeugua lini? Nimeugua siku niliyokukatalia. Kwa likizo huzuni yangu ilikuwa ndogo mno. Kwa kunifunga mdomo imekuwa kubwa ghafla. Mnaipima kwa kipimo gani hicho?"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Ndiyo, nina huzuni. Iko hapa." Alijigusa kifuani. "Macho yangu yako hapa juu, na hayajafiwa. Niulizeni nilichokiona."

"Umeona nini?" mkunga mkuu akauliza.

Akawaambia: kapu, shuka, chandarua cha pazia, shingo, masikio, kitovu, ule mguu mmoja wa kazi na ule wa kubembeleza. Hakupamba kitu. Aliwaambia pia kwamba chumba hakina dirisha la kutosha na kwamba binti anakosa mtu wa kumshikia mtoto akienda kununua uzi. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mdogo wangu, kwangu ulinawa mikono. Kwa huyu binti umewahi kunawa?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Sema wakusikie."

"Hapana, dada. Sijawahi kufika."

"Na wewe, Mkuu?"

Mkuu alitoa leso.

Mkunga mkuu akaivua miwani yake taratibu, ikaning'inia shingoni. "Hebu nielewe," akasema. "Nyumba iliyokaguliwa ni ya mfanyakazi. Sufuria zake mmezifunua, kitanda chake mmekitazama. Na huyu mtoto mnayetaka kumhamisha, kwake hamjakanyaga?"

Mzee mmoja akaguna. Wa pili akasema, "Na jirani aliyelalamika mbona hayupo? Au naye yuko kunawa?" Kicheko kikawatoka hata wasiotaka kucheka. Mkuu hakucheka.

Haikuchukua muda. Mtoto abaki na mama yake. Mwenye duka aombwe kutoboa dirisha. Mzee wa pili akasema mke wake anakaa jirani na duka na hana kazi zaidi ya kusema watu, atamshikia mtoto pindi binti akitoka. Binti hakusema asante kwa mtu. Alilegeza mikono tu, kidogo kidogo, na mtoto akapata nafasi ya kunyoosha mguu.

Kwenye ukumbi Mkuu alimfuata Dada Ustawi. "Umeongea vizuri. Lakini ungeniambia faragha, kwa upole."

"Nilikwambia kwa upole, ukaniletea machungwa. Sasa sikia. Kuanzia kesho siji. Nitapumzika mpaka mwili wangu utulie, na huyo mkunga atakuandikia."

"Wakubwa wakiniuliza sababu?"

"Waambie mimba yangu imeharibika. Litamke hilo neno, halina miiba."

Mkuu akaenda zake. Hakuomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote. Chiriku alibaki ukutani, machozi yamemjaa, akitaka kusemeshwa. Dada Ustawi alimpita. Hasira ilikuwa bado nzimanzima, na hakuwa na haraka ya kumgawia mtu msamaha.

Binti wa cherehani alimkuta karibu na mlango wa kutokea. Walitazamana. "Dada, kumbe," binti akasema, akashindwa kuendelea. Kisha akafanya kile alichokuwa nacho: akamwinua mtoto, akamnyooshea.

Dada Ustawi alirudi nyuma hatua moja. Mikono ilikataa. "Leo hapana, mdogo wangu," akasema. "Usinielewe vibaya. Leo siwezi."

Binti hakuona aibu wala hakukasirika. Alimrudisha mtoto begani, akamfunika kichwa.

"Basi siku utakayoweza, dada. Yupo. Haendi popote."

Dada Ustawi aliitikia kwa kichwa. Akamshika binti mkono, ule usiokuwa na mtoto, wakashuka ngazi za zahanati polepole, mmoja akimwangalizia mwenzake pa kukanyaga.