Nafasi ya Seva Inayokufa

Kwa miaka ishirini nilipanga mafaili ya wagonjwa kwenye rafu. Nilipofika hamsini na mmoja, hospitali ikanihamishia chumba cha seva. Nikajiandikisha masomo ya jioni, nikamwomba Mungu anifungue kichwa.

Seva zetu nne zimeunganishwa zikawa ghala moja la terabaiti themanini. Kila rekodi huwekwa nakala mbili, katika seva mbili tofauti, kwa hiyo nilihesabu kwamba tunaweza kutunza arobaini. Tulikuwa tumeshajaza ishirini na saba. Fundi wa eksirei alipoomba kumi na moja za picha zake za zamani, nilisaini kwamba nafasi ipo. Kwa karani wa mafaili, rafu tupu ni uzembe.

Jumatano jioni nilimwonyesha mwalimu hesabu yangu kwa fahari. Aliisoma, akavua miwani.

"Mama, seva moja ikifa, nakala zake zitajengwa upya wapi?"

Nikahesabu upya. Seva tatu zingetosha thelathini tu, nami nilishaahidi thelathini na nane.

Picha zilikuwa zihamishwe kesho yake saa nne. Asubuhi nilisali njia nzima hadi kazini, kwa kuwa niliogopa kurudishwa kwenye mafaili, kisha nikamweleza bosi kosa langu lote.

"Mama Mafaili," akasema, "ungekaa kimya nani angejua?"

"Mungu, bosi. Na seva."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasimamisha uhamisho hadi seva ya tano inunuliwe. Fundi wa eksirei alininunia wiki nzima.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, seva moja ilizimika isiwake tena. Wodini waliendelea kufungua rekodi bila kujua lolote, lakini nyingi sasa zilikuwa na nakala moja tu. Ghala likaanza kujenga zilizopotea katika nafasi tupu. Nilikaa mbele ya skrini, midomo ikicheza kwa sala.

Kazi ilipofika asilimia themanini, fundi wa eksirei akachungulia.

"Dada, naona bado mna nafasi hapo. Mnaifanyia nini?"

"Karibu kiti, kaka," nikamwambia. "Tazama."

Nilimweleza, naye akakaa kando yangu hadi ikatimia mia. Hakuna rekodi hata moja iliyopotea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikampigia mwalimu.