Mpaka Reli Iishe

Mume wangu alimwahidi binti yake ile bustani ya michezo ya nchi jirani mara tatu, na mara tatu lori likamwita. Silaumu lori, dereva asiyesafiri atakula nini? Lakini niliona jinsi mtoto alivyoacha kuuliza. Mtoto wa miaka tisa akililia kitu, unaweza kumbembeleza. Akinyamaza, ujue umeanza kumkosa. Ndiyo maana jioni moja, tukiosha vyombo, nilimwambia, "Jumamosi nakupeleka mimi."

"Sawa, Anti," akajibu, akaendelea kusuuza vikombe.

Ile "sawa" iliniuma. Niliingia nyumba ile mwaka jana tu, na sikutaka kuwa mtu mzima mwingine wa maneno matupu ndani yake. Ahadi ni deni, na hili nilikuwa nimelikopa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bei ya treni ya watalii, ile yenye mapazia, ilinifanya nicheke peke yangu. Lakini reli ninayopanda kila asubuhi kwenda saluni haiishii saluni. Inaendelea, kituo baada ya kituo, mpaka mpakani; pale unavuka kwa miguu, unapanda treni ya wafanyakazi ya wenzetu, nayo inakushusha karibu na geti la bustani. Nauli ni ya watu wa kawaida. Nilipowaeleza wenzangu kazini, shoga yangu wa kiti cha pili aliangusha kitana kwa kicheko.

"Yaani unakwenda ng'ambo kwa treni ya kazini? Si ubebe na dawa za nywele kabisa!"

"Cheka tu," nikamwambia. "Mwenda pole hajikwai."

Jumamosi tukapanda mapema. Mtoto hakuwa amefungasha chochote. Nadhani alikuwa anangoja kuambiwa tumeahirisha. Nikamkalisha dirishani, nikamwekea mapajani begi lenye chakula, pasipoti zetu, barua ya ruhusa ya baba yake na simu yangu iliyokuwa imeisha chaji.

"Sikiliza," nikamwambia. "Vituo ni vingi, watu watashuka na kupanda. Sisi hatushuki popote mpaka reli iishe. Umenielewa?"

"Mpaka reli iishe," akasema.

Sasa, msusi husimama kutwa nzima, kwa hiyo hulala akikaa popote. Kwa miaka mingi ya kupanda treni hii usingizi wangu umeshajifunza njia: spika ikitaja kituo cha saluni, miguu huinuka kabla ya akili. Wanasema mazoea yana taabu, nami nilikuwa nawasikia tu. Nilivua viatu, nikafumba macho kidogo. Nilipozinduka, nimesimama kwenye ngazi za stesheni, miguuni soksi tu, natafuta ufunguo wa saluni mfukoni.

Nikageuka. Treni ilikuwa inaondoka, na mtoto wa watu yumo ndani.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Nikakimbizana na ile treni mpaka jukwaa likaniishia. Mkuu wa stesheni, ambaye huniona kila siku, akaja mbio.

"Dada, si umeshafika? Unaikimbilia ya nini?"

"Nimemwacha mtoto!"

Akapiga simu kituo kinachofuata. Hakuna mtoto aliyeshuka. Akapiga cha pili yake. Hakuna. "Panda hii inayoingia," akasema. "Mimi naendelea kupiga."

Safari ile sitaki hata kuikumbuka. Treni ya wafanyakazi ina ila yake: haina haraka na mtu. Kila kituo nilitoa kichwa nje nikakagua mabenchi, na kila benchi lilikuwa tupu au limekaliwa na watu wasio wangu. Niliwaza watu wabaya. Niliwaza nitamwambia nini baba yake. Lakini lililonikata maini zaidi ni kwamba nilimwona, mawazoni, ameketi kimya dirishani akijiambia, kumbe na huyu ni wale wale. Nikamwomba Mungu kwa sauti, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaitikia amina bila kujua anaombea nini.

Reli ikaisha.

Alikuwa kwenye benchi la kwanza, begi mapajani, viatu vyangu vimepangwa chini kando yake kama vya mgeni mlangoni. Afisa wa uhamiaji, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa amesimama karibu, mikono kiunoni.

"Ni wewe?" akanilalamikia. "Huyu amekataa kuingia ofisini. Anasema akikaa ndani utapita bila kumwona."

Nilimkumbatia mpaka begi likatubana sote wawili. Nikalia bila aibu, makamasi na yote. Yeye alikuwa mkavu kabisa.

"Hukuogopa?"

"Kidogo. Nilidhani unakwenda chooni. Halafu nikakuona nje, unatembea haraka haraka." Akafikiri. "Lakini ulisema hatushuki mpaka reli iishe. Kwa hiyo nikajua utakuja hapa."

"Ukajua?"

"Si ulisema?"

Roho yangu ikarudi mahali pake. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuliamini neno langu kiasi kile, hata aliyenioa. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu zile ngazi, nikakaa kwenye benchi nikavaa viatu.

Afisa akafungua pasipoti, akasoma barua, akatutazama mmoja mmoja. Kazi ni kazi. Akainama kwa mtoto.

"Majina yenu hayafanani. Niambie mwenyewe, mwanangu. Huyu ni nani wako?"

Nilijua jibu, na nilikuwa tayari kulieleza: mke wa baba, tumefunga ndoa mwaka jana, barua ni hiyo.

"Ni wangu," mtoto akasema. "Alipotea, lakini nimempata."

Afisa akacheka, akagonga mihuri. Tukavuka mpaka kwa miguu, mtoto mbele na begi lake, mimi nyuma nafuta macho, na kila baada ya hatua chache aligeuka kuhakikisha kwamba nipo.