Kelele za Courant

Ijulikane kwa wakaazi wote wa Ruashi, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mbuzi wanaolala barabarani, kwamba Jumamosi ile Papa Paulin aliwafukuza mafundi wa umeme wasikanyage tena nyumbani kwake. Alilitangaza hilo akiwa na koleo mkononi, kifua mbele, kwa sauti ya mtu anayezindua daraja. Kisha akapanda kiti kilichowekwa juu ya meza, mguu wa meza ukazama katika sakafu ya udongo ya jikoni, akalazimika kushuka kutafuta tofali la kuutegemeza.

Binti yake Tracy, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni ya masista, alilisikiliza tangazo kwa heshima zote, mikono nyuma, kama afanyavyo kwenye misa. Moyoni alikuwa akifa kwa kicheko.

Mvua ya usiku ilikuwa imepenya kwenye tundu la msumari la bati, ikateremka ukutani na kuunguza waya unaopeleka umeme kwenye friza ya mkewe, Mama Wivine. Ndani ya friza kulikuwa na samaki wa thomson, wale wa kuuzwa wakiwa wamegandishwa, mtaji wote wa nyumba. Samaki hao wakioza, karo ingekosekana na Tracy angebaki nyumbani wenzake wakirudi darasani. Fundi Guelord aliitwa mapema, akataja bei, na Mama Wivine akamwomba airudie, akidhani amesikia vibaya. Guelord alijitetea kwamba waya umepanda bei, na kweli ulikuwa umepanda. Mgodi uko nyuma ya mtaa wao, malori ya shaba yanapita hadi vikombe vinalia kabatini, lakini waya mfupi wa shaba unamshinda mlinzi wa ghala kama Papa Paulin. Basi akaokota vipande vya waya huku na huku, avisokote pamoja na kuvifunika kwa mfuko wa plastiki ulioyeyushwa.

Umeme wenyewe haukuwepo. Bwana wa cabine, yaani kile chumba kinachogawa umeme mtaani, alikuwa amepita asubuhi kusema utarudi magharibi. Akaomba kitu kidogo, hakupata, akaenda zake amenuna.

Mama Wivine alionyesha swichi kubwa ya mlangoni. "Baba Tracy, ukate kwanza disjoncteur."

"Nikate nini? Kitu yenye haiko, inakatwa namna gani?"

Hoja ilikuwa nzito. Papa Paulin akapanda tena, peku, kwa sababu viatu vyake vya kazi vilikuwa vimelowa. Koleo lile aliachiwa na marehemu baba yake, mtu wa reli, na mpira wa mishikio ulikuwa umeshabanduka siku nyingi.

Hapo ndipo shetani wa likizo alipomwingia Tracy.

Umeme, yaani courant, ukirudi Ruashi, watoto hupiga kelele. Kelele huanzia nyumba za karibu na cabine, zikaja zikivuma kama mvua juu ya mabati, na kila mtu hukimbilia chaja yake. Hakuna anayezipiga kwa mchezo. Hata watoto watundu kabisa wanalijua hilo. Tracy alimnong'oneza jambo mdogo wake Abigaël, wakatoka uani wote wawili, wakapanua vinywa.

"Eeee, courant!"

Papa Paulin hakushuka, aliruka. Koleo lilikwenda kwake, kiti kwake, na yeye akatua kitako katika beseni la maharage yaliyolowekwa. Akakaa humo, miguu nje, akiitazama taa ya dari. Taa ilikuwa imezima. Akaelewa.

"Tracy."

"Papa."

Papa Paulin alikuwa ameshainuka, harage limemganda kwenye paji la uso, ndala iko mkononi, taa ilipowaka. Kule juu ukutani, pale vidole vyake vilipokuwa, ncha za waya zilipiga cheche ya bluu na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Ndipo kelele za kweli zilipoanza kuja kutoka upande wa cabine.

Ndala ikabaki hewani. Baadaye ilijulikana kwamba mwenye baa fulani alikuwa amempa bwana wa cabine alichokitaka, na umeme ukarudishwa mchana mweupe bila kuuliza ni mkono wa nani uko kwenye waya.

Mama Wivine aliizima swichi kubwa kwa mpini mkavu wa ufagio. Kisha akamshika mumewe mikono, akavikagua vidole kimoja kimoja, akilia na kucheka kwa pamoja.

Jirani yao, Maman Delphine wa kikundi cha sala, aliingia, akasikia habari, akaamua kwamba malaika amesema kwa kinywa cha mtoto huyu na kwamba lazima atoe ushuhuda Jumapili. Tracy aliinamisha macho. Hakukubali, hakukana. Aliuvaa uso wa unyenyekevu alioufanyia mazoezi bwenini, na kwa muda huo mfupi akawa mtakatifu wa avenyu nzima.

Papa Paulin akamwekea mkono kichwani. "Mutoto yangu, nani alikuambia?"

Tracy alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kuhusu sauti fulani tamu, Abigaël alipoingilia kati, kwa ile “Ya” ya kumheshimu dada mkubwa. "Ya Tracy alisema papa ataruka sawa kuku."

Mkono ulikuwa bado kichwani pake. Tracy akaushusha, akavitazama vidole vilivyonusurika.

"Ilikuwa bongo, papa, uongo tu. Nilitaka kukuona unaruka tu. Sikujua kama ingekuya kweli."

Maman Delphine akajikohoza. Mama Wivine akamgeukia mumewe. "Na weye? Sikukuambia ukate kwanza?"

"Na miye," akasema Papa Paulin polepole. "Niliogopea samaki. Sikujiogopea miye."

Alivaa viatu vyake vibichi. Akahakikisha swichi kubwa imekatwa, akachomoa fyuzi, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Mama Wivine akasimama mlangoni na ufagio kama askari, mumewe akapanda tena kumalizia waya. Tracy akahukumiwa kuokota maharage kwenye tope, yote. Fyuzi iliporudishwa na friza kuanza kunguruma, samaki walikuwa bado wagumu.

Jioni bwana wa cabine alipita kujisifu kwamba umeme umerudi kwa jasho lake, akaomba tena kitu kidogo. Papa Paulin alimtazama kwa utulivu.

"Weye ulisema courant itarudia magaribi. Mutoto yangu alisema bongo, na bongo yake iko na kweli kupita maneno yako. Nikilipa, nitalipa yeye."

Bwana yule akaondoka. Tracy akainua kichwa kwenye beseni, akatabasamu, akanyoosha kiganja.

"Maharage," akasema baba yake.