Pumzi za Manong Tacio

Asubuhi ile mama yake alipofariki, Bening alikuwa anakusanya vyombo vyake wodini: sahani mbili, chupa ya chai, upepeo, na shuka lililonuka dawa. Mdogo wake, Nenet, alikuwa ameshatangulia bandarini na jeneza. Boti ya kisiwani kwao ilikuwa iondoke saa tisa alasiri, na huko kisiwani, kwa jirani, Bening alikuwa amemwacha binti yake Maymay, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea.

Kitanda cha dirishani alilala Manong Tacio, yaani Kaka Tacio kwa heshima ya kwetu, mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na kuvunjika shingo. Kwenye hospitali yetu ya mkoa mgonjwa halazwi bila mtu wake wa kumuuguza, kwa sababu manesi ni wachache na mashine ni chache zaidi. Asiyeweza kupumua hupumuliwa kwa mkono. Bomba linaingia kooni, mwisho wa bomba kuna mfuko wa mpira, na ndugu anaubana na kuuachia, anaubana na kuuachia, mpaka mgonjwa apone au ndugu wachoke. Manong Tacio alikuwa anabaniwa mfuko na mwanawe, Rodel, ambaye macho yalikuwa yamemwiva kwa usingizi.

"Dada, nishikie kidogo," Rodel alimwambia Bening. "Natoka hapo duka la dawa, narudi sasa hivi."

Bening aliangalia saa ya ukutani, akaona muda upo, akashika. Rodel aliingia mitini. Wengine wanasema yuko Manila anaendesha lori, wengine wanasema yuko Saudia. Saa tisa ilifika, boti ikaondoka na jeneza la mama yake, na Bening akalia huku akijifuta kamasi kwa mkono mmoja.

Daktari Villaruz alipopita, alimsikiliza Manong Tacio moyo, akammulika macho, akamshika mkono. Kisha akaangalia saa na kumtajia nesi muda wa kifo.

"Pole sana, dada. Baba yako ametutoka."

"Si baba yangu," Bening alisema.

"Na mimi sijatoka," alisema Manong Tacio.

Daktari alimweleza kwamba mtu mwenye bomba kooni hawezi kuongea. Manong Tacio alikubali kabisa, akasema ndiyo maana anaongea kwa kifupi. Daktari akasikiliza tena upande wa kushoto, halafu kwa uhakika akasikiliza na wa kulia. Moyo ulikuwa umesimama. Muda wa kifo ulikuwa umeshatajwa, na muda wa kifo haurudishwi, kwa hiyo mambo yakabaki hivyo.

Padre wa hospitali, Padre Elpidio, alikuja na mafuta yake. Alikuwa ameshampaka Manong Tacio mara moja alipoletwa, akampaka tena kwa vile amekufa. Manong Tacio alimshukuru, akaomba na ya mgongoni, kwa sababu ulikuwa unamuuma.

Bening alijaribu kuweka mfuko chini. Alijaribu kesho yake, na siku nyingine baada ya hapo. Kila akiuachia, uso wa mzee uligeuka rangi ya majivu, macho yake yakamtafuta yeye tu, si ukutani wala juu. Bening akaushika tena.

"Inday, ukichoka sema," Manong Tacio alimwambia. Aliwaita hivyo wasichana wote, kama kwao wanavyoita.

"Nimechoka, Manong."

"Aa. Pole sana." Kisha akauliza kama mvua imeanza.

Daktari na Padre walimwita Bening pembeni, yaani walisogea kitandani, kwa kuwa yeye hakuweza kusogea. Walimwambia kwa upole kwamba yuko huru.

"Kisheria ni marehemu," alisema Daktari. "Ukiachia, huna kosa lolote."

"Na kwa upande wetu pia," alisema Padre. "Ameshaagwa. Ukiachia, huna dhambi, mwanangu."

"Basi Padre, shika wewe uachie," alisema Bening. "Au wewe, Daktari. Kamata, hii hapa. Achia."

Daktari akakumbuka ana mgonjwa wodi ya watoto. Padre akafanya ishara ya msalaba na kuondoka bila kugeuza shingo.

Habari zilienea. Kutoka Cebu alikuja profesa na vyombo vyake, akapima, akapima tena. Kutoka kwa askofu walikuja mapadre watatu wenye adabu, wakauliza kama Bening husali kabla ya kubana au baada ya kubana. Pande hizi mbili zilikutana ofisini kwa mganga mkuu zikitarajia kugombana, lakini kwa jambo moja ziliafikiana mara moja: mkono mwingine usiguse ule mfuko. Profesa alisema mkono ukibadilishwa, kila alichopima kitakuwa kimeharibika. Mapadre walisema kipawa alichopewa mmoja hakigawanywi kama mkate. Kamba nyekundu ikazungushwa kitandani.

Hapo ndipo huruma ilipofumuka. Watu wa mji wetu walipanga foleni hadi barabarani, wakilia, wakimwomba mlinzi awaruhusu wampokee yule mama japo dakika tano. Kina mama wa kwaya walikuja na maua. Muuza samaki aliapa mbele za watu kwamba angebana mpaka Krismasi. Bening aliwasikia yote hayo kupitia dirishani.

"Waruhusuni basi!" alipiga kelele. "Si wanataka wenyewe?"

"Haiwezekani, binti yangu," alijibiwa. "Lakini nia zao Mungu anaziona."

Langoni waliuza kadi zenye picha yake, ameinamisha kichwa, mfuko mkononi. Kwa sadaka za mahujaji, kanisa lilijenga pango la Bikira Maria la mawe meupe, na kwa fedha za utafiti hospitali ikapata maabara yenye viyoyozi. Kuhusu mashine ya kupumulia, Bening aliuliza kila aliyepita. Daktari alimjibu kwamba mashine ni za walio hai, na Manong Tacio ni marehemu. Akimwunganisha, ataeleza nini?

Bening alijifunza kulala ameketi. Mkono wake uliendelea wenyewe, na watawa walimlisha kwa kijiko. Kwa kuwa pumzi za mzee zilipitia mkononi mwake, vitu vingine vya Bening vilianza kupita humo humo. "Leo umekula samaki mkavu na nyanya," Manong Tacio alimwambia. "Chumvi imezidi." Baadaye mzee alianza kuota ndoto za Bening, na asubuhi alimsimulia kabla hajazikumbuka mwenyewe. Ndoto karibu zote zilikuwa za Maymay. Mzee ambaye hakuwahi kumwona mtoto yule alijua kovu lake la gotini na namna anavyonyonya kidole cha pete badala ya gumba. Alimpenda. Alimwulizia.

"Umemleta lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kumleta, Manong. Nimekaa hapa."

"Ndiyo, kweli. Nasahau."

Bahari ilipotulia, Nenet alimleta. Maymay alikuwa ameshajua kuongea. Alisimama nje ya kamba, akaangalia kadi aliyonunuliwa langoni, akamwangalia Bening, akarudia kadi.

"Mama mdogo, huyu ndiye wa kwenye picha?"

"Ndiye. Msalimie mama yako."

Mtoto akapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba, kama alivyoona wenzake wanafanya. Bening alimwita asogee, lakini mlinzi alionyesha kamba. Aliumia siku ile kuliko siku mama yake alipofariki, akalisema wazi, na watawa wakamwambia atolee maumivu hayo kwa ajili ya wenye dhambi.

Kilichokata ile kamba ilikuwa homa. Bening alishikwa na dengi, na asubuhi moja, wakati Padre Elpidio anampa komunyo, aliteleza kitini na kuanguka. Mfuko ulining'inia. Padre alikuwa na ekaristi mkono mmoja na chombo chake mkono wa pili. Aliweka vyote juu ya mto wa Manong Tacio, akaudaka mfuko, akabana.

"Padre," alisema Manong Tacio, "mikono yako ya baridi."

Mzee alipumua. Hakuna kilichopungua. Bening aliinuliwa, akatundikiwa maji, na alipopata nguvu akatoka nje kwa miguu yake mwenyewe. Uani aliketi kwenye benchi, juani, akanywa uji wa wali wenye kuku na tangawizi, bakuli zima, kwa mikono miwili. Alikuwa amesahau kwamba kijiko kina uzito.

Wodini, Manong Tacio alikuwa anaonja yaliyopita mkononi mwa Padre. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Padre. Kumbe na wewe unaita tu, huitikiwi."

"Miaka mingi sasa," alisema Padre, akaendelea kubana.

Bening aliporudi, Padre alikuwa analia kwa furaha. "Si lazima uwe wewe!" alimwambia. "Bening, mwanangu, mkono wowote unafaa! Umeokoka!" Mtu mwema yule alikwenda siku hiyo hiyo kuwaambia wakubwa zake.

Daktari Villaruz alikuja kuhakikisha. Alivaa glovu, akabana. Manong Tacio akaonja.

"Kumbe iko mashine ghorofani," alisema. "Imefunikwa plastiki. Tangu siku nilipoletwa."

Manesi waliendelea kukunja bandeji. Wote walikuwa wanaijua.

"Ile ni ya akiba," alisema Daktari. "Ikitokea mtu wa familia ya gavana akaugua. Si uamuzi wangu, Manong."

"Najua. Na hilo nimelionja."

Daktari akamrudishia Bening mfuko, akavua glovu. Mashine ilibaki ghorofani, plastiki yake ikifutwa vumbi kila wiki.

Profesa alifunga vyombo vyake. Kama mkono wowote unafaa, alisema, basi mkono hauna la pekee, na yeye alikuwa anachunguza mkono. Mapadre watatu walisema karibu maneno hayo hayo: kinachoweza kufanywa na kila mtu si muujiza. Kwamba mzee alikuwa amekufa na anaongea, hilo lilikuwa limezoeleka, na hakuna aliyelirudia. Mlinzi akakunja kamba nyekundu na kutangaza langoni kwamba sasa ruksa, anayetaka kusaidia aingie.

Foleni iliisha siku hiyo.

Nisiwasingizie, wachache walikuja. Mama mmoja wa kwaya alibana kidogo, Manong Tacio akaonja nyama ya nguruwe aliyokula Ijumaa Kuu, akamtania mbele za watu, na mama akakumbuka ameacha chungu motoni. Muuza samaki alifika mlangoni na kusema mkono wake una jipu. Padre Elpidio alikuja kila Alhamisi kwa muda wa rozari moja, na kwa muda huo Bening alilala chini sakafuni, kifudifudi, kama mtu. Kisha Padre akahamishiwa parokia ya milimani. Baada yake watu walijua jambo moja tu kuhusu kitanda cha dirishani: ukishika, huwezi kuweka chini mpaka apatikane mwingine. Wauguzaji wa vitanda vingine walimsalimu Bening wakiwa mbali, wakipita wanaambaa ukuta, mikono mifukoni. Hata mfagiaji alifagia kwa ufagio mrefu.

"Wanaogopa nini?" aliuliza Manong Tacio. "Mimi siumi."

"Wananiogopa mimi, Manong."

Walikaa hivyo misimu mingi. Kimbunga kiling'oa bati la maabara, likawekwa jingine. Kuna siku Bening alimwambia kwamba ataachia. Mzee alisema sawa, ila amwambie mapema kidogo, afumbe macho mwenyewe. Akafumba. Bening alimtazama hivyo, kope zimekazwa kama mtoto anayesubiri sindano, akaona hawezi, akachukia sana, akabana. "Fumbua," alimwambia. "Fumbua, bwana, usinitie uchungu."

Nenet alimleta Maymay tena wakati wa likizo ya shule. Kiwiko chake sasa kilifika juu ya godoro. Hakupiga magoti. Alizunguka kitanda moja kwa moja, kwani hakukuwa na kamba, akasimama karibu na mama yake, akanusa bega lake, akauangalia mkono unavyokwenda.  Manong Tacio alikuwa anaangalia vidole vya mtoto.

"Mama, si unabana tu na kuachia?"

"Ndiyo."

"Mimi naweza. Lete, uende ukapumzike."

Wodi nzima ilisikia. Manesi waliinua vichwa. Mwanamke wa kitanda cha tatu akasema, mtoto ana moyo huyo, Mungu ambariki. Maymay akanyoosha mikono yote miwili.

Bening alimpiga. Alimpiga kwa mkono uliokuwa huru, juu ya vidole, kwa nguvu, na hakuwa amewahi kumpiga. Mtoto alitoa macho, kisha kilio. Nenet alimwita dada yake kichaa, akambeba Maymay kiunoni japo alikuwa mkubwa mno kubebwa, akatoka naye kuwahi boti. Kilio kilishuka ngazi, kikapita uani, kikapotea barabarani.

Mkono wa pili haukuwa umekosa hata pumzi moja.

"Anakua," alisema Manong Tacio.

 Bening alibana, akaachia.